Tunaiogopa Methotreksati, Hatuuogopi Ugonjwa

Ukiugua baridi yabisi ile inayovimbisha vidole vya mikono yote miwili, inayomwamsha mtu alfajiri akiwa amekakamaa mpaka jua lipande, kuna ushauri utakaoupata bila kuuomba. Utaupata kwa jirani, kwa shemeji aliyesoma kidogo mambo ya afya, kwa muuzaji wa duka la dawa, na mara nyingine, jambo linaloniumiza zaidi, kwa tabibu aliyevaa koti jeupe. Ushauri wenyewe ni huu: ukiandikiwa methotreksati, usiimeze. Hiyo ni dawa ya saratani. Itakunyonyoa nywele, itakula ini, itakausha kizazi. Afadhali uendelee na prednisoloni na sindano za maumivu, ambazo watu wamezitumia miaka na miaka.

Nasema ushauri huo ni mbaya, na umewalemaza watu waliokuwa na haki ya kubaki na mikono yao.

Naandika kuhusu ugonjwa mmoja hasa, rumatoidi athraitisi, baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kugeuka na kuushambulia utando uliomo ndani ya maungio. Hauletwi na maji ya baridi wala kulala chini, na si uzee. Huwapata zaidi wanawake, wengi wao wakiwa bado katika umri wa kufanya kazi na kulea. Utando ule ukivimba hutanuka, ukaanza kula gegedu na mfupa. Sehemu kubwa ya uharibifu huo huanza katika miaka miwili ya mwanzo, na mfupa ulioliwa haurudi. Mwanamke aliyekuwa akikuna nazi, akikamua tui na kusonga ugali wa watu kumi anafika mahali hawezi kufunga kifungo cha gauni lake. Huo ndio ugonjwa ambao tunaambiwa utatulizwa kwa vidonge vya maumivu.

Wanaoiogopa methotreksati hawakuizua hofu yao. Ni kweli kwamba dawa hii ilianzia kwenye saratani, na wapo waliouguza watoto hospitalini wakaiona ikitundikwa kwenye dripu. Ni kweli kwamba karatasi iliyomo ndani ya boksi imejaa maneno ya kutisha: ini, mapafu, uboho, mimba. Ni kweli kwamba prednisoloni humwinua mgonjwa ndani ya siku mbili tatu, wakati methotreksati humtaka asubiri wiki sita hadi kumi na mbili, na kila mara arudi kutolewa damu. Tena kuna hoja ya waganga wenyewe, nayo ina uzito kuliko zote: dawa inayohitaji maabara isipelekwe mahali ambako mashine huharibika na vitendanishi huisha. Anayeyaunganisha haya yote akaamua kuiacha dawa amefikiri. Lakini amekosea, na kosa lake lina bei.

Hoja ya kwanza: “Ni dawa ya saratani”

Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba watoto wenye saratani ya damu walipata nafuu ya muda kwa aminopterini, dawa iliyotoka katika maabara za Lederle, kwenye kundi lililoongozwa na Yellapragada Subbarow, mwanasayansi kutoka India. Methotreksati ni ndugu wa karibu wa dawa hiyo, imezaliwa katika maabara zile zile na baadaye ikachukua nafasi yake. Miaka mitatu tu baadaye, 1951, Richard Gubner na wenzake wakaeleza kwamba aminopterini kwa dozi ndogo iliwapunguzia uvimbe wagonjwa wa baridi yabisi, na kwamba iliwasafisha ngozi wenye soriasisi. Kwa hiyo matumizi haya ya pili ni ya zamani karibu sawa na yale ya kwanza. Hayakubuniwa juzi ili Waafrika wafanyiwe majaribio, kama nilivyowahi kusikia ikisemwa kwa kujiamini kabisa.

Tazama vipimo. Anayetibiwa saratani ya mfupa huweza kupewa hadi gramu 12 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili wake, kwa njia ya mshipa, kisha hupewa dawa nyingine ya kumwokoa na makali yake. Anayetibiwa baridi yabisi humeza miligramu 7.5 hadi 25, mara moja kwa wiki. Kwa mtu mzima anayemeza miligramu 15, tofauti inazidi mara elfu moja. Hata kazi inayofanyika mwilini ni nyingine. Dozi kubwa huziba njia ambayo chembe hutumia foleti kutengenezea DNA, zile zinazogawanyika haraka zikafa. Dozi ndogo ya wiki inaaminika kufanya sehemu kubwa ya kazi yake kupitia adenosini, kemikali ambayo mwili wenyewe huitumia kutuliza uvimbe. Wapo ambao nywele zao hupungua. Upara wa wodi ya saratani hawaupati.

Lakini tukubali kwa dakika moja kwamba dawa yoyote inayotibu saratani haifai kwa maungio. Basi prednisoloni nayo iondoke. Hiyo ni nguzo ya matibabu ya saratani ya damu kwa watoto, na pacha wake prednisoni amo katika mchanganyiko uitwao CHOP, ambao kwa miongo mingi umetibu saratani ya matezi ya limfu duniani kote. Herufi ya mwisho ya jina hilo ni yake. Hakuna jirani aliyewahi kumwambia mgonjwa atupe prednisoloni kwa sababu hiyo. Haidroksiklorokwini, ambayo wagonjwa wa lupasi na wa baridi yabisi huimeza bila wasiwasi, ni jamaa wa klorokwini tuliyoijua sote kwa malaria, ile iliyotuwasha mwili mzima. Hakuna anayesema maungio hayana malaria kwa hiyo dawa isiingie. Jambo la dawa moja kufanya kazi mbili tulishalikubali zamani. Tumeikatalia methotreksati peke yake, na wanaoikataa hawajaeleza kwa nini sheria hii iwe na mshitakiwa mmoja.

Hoja ya pili: “Prednisoloni ni salama, tumeizoea”

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Dunia nzima iliwahi kuuamini ushauri huu. Mwaka 1948 Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alimchoma kotisoni mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi, na baada ya siku chache mwanamke huyo akatembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Kazi ya Gubner ikafunikwa. Nani angeitaka dawa ya kungoja wiki nyingi wakati ipo ya kuinuka kesho? Kisha wagonjwa wa kotisoni wakaanza kurudi, nyuso zimejaa, mifupa imevunjika, sukari imepanda. Ilichukua zaidi ya miaka thelathini kurudi kwenye njia iliyokuwa imeachwa. Jaribio la Michael Weinblatt na wenzake, lililochapishwa mwaka 1985, lilionyesha kwamba methotreksati ya dozi ndogo kwa wiki inavishinda vidonge visivyo na dawa ndani, na mwaka 1988 Marekani ikaiidhinisha kwa baridi yabisi. Kizazi kizima cha wagonjwa kilipinda vidole katikati ya tarehe hizo. Sisi tunalirudia kosa lile lile, tena tukiwa na majibu yake mkononi.

Prednisoloni inapendwa kwa sababu inafanya kazi. Siku ya tatu mgonjwa anajiona amepona. Wiki inayofuata anarudi dukani kununua tena, safari hii bila cheti. Miezi inapita, uso unakuwa wa duara, na majirani wanamsifu kwamba amenenepa, mambo yamemnyookea. Ndani yake shinikizo la damu linapanda, sukari inapanda, pingili za mgongo zinapungua uzito, mtoto wa jicho anaanza. Akiacha ghafla, tezi zilizo juu ya figo, ambazo zililala muda wote dawa ilipokuwa ikifanya kazi yao, haziwezi kuamka kwa siku moja. Anaweza kuzimia, na anaweza kufa, hasa akishikwa na homa kali au akifanyiwa upasuaji na hakuna aliyemuuliza anatumia nini.

Hakuna hata kimoja kati ya haya kinachoandikwa kwenye deni la prednisoloni. Sukari huitwa sukari. Nyonga iliyovunjika huitwa uzee. Aliyefia kitandani siku ya tatu baada ya kukatiza vidonge husemwa alizidiwa na malaria. Dawa inabaki na sifa yake njema kwa sababu madhara yake huandikishwa kwa majina ya magonjwa mengine. Methotreksati, kwa upande wake, huambiwa madhara yake hadharani tangu siku ya kwanza, na mgonjwa huhesabu kila kichefuchefu kama ushahidi dhidi yake.

Kisha kuna kifua kikuu, ambacho katika nchi zetu kingetosha peke yake kumaliza mjadala. Uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2006, uliona kwamba wanaotumia dawa za jamii ya prednisoloni kwa dozi iliyo chini ya miligramu 15 kwa siku walikuwa na uwezekano wa kupata kifua kikuu mara 2.8 kuliko wasiozitumia. Kwa miligramu 15 au zaidi, mara 7.7. Hiyo ni Uingereza, ambako watu wengi wanaishi na kufa bila kumfahamu mtu mwenye kifua kikuu. Sasa wafikirie wanaomeza vidonge hivyo hivyo kwenye nyumba za kupanga za Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu, chumba kimoja kinalaza familia nzima na kikohozi cha mmoja ni cha wote.

Sisemi prednisoloni itupwe. Jaribio la Ulaya lililotangazwa mwaka 2022 liliwapa watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi miligramu 5 kwa siku kwa miaka miwili, juu ya matibabu yao mengine. Ugonjwa ulitulia zaidi na uharibifu wa maungio ukapungua, huku madhara, hasa maambukizi, yakiongezeka. Hiyo ilikuwa dozi ndogo yenye msimamizi, imeongezwa kwenye dawa nyingine. Ya kwetu hununuliwa peke yake, dozi yake hupangwa na maumivu ya siku hiyo, na haina mwisho.

Wapo pia wanaosema wao wameziacha kemikali zote, wanatumia unga wa mitishamba. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu Artri King, bidhaa iliyouzwa kama lishe ya maungio, baada ya vipimo kukuta ndani yake deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Deksamethasoni ni ndugu wa prednisoloni, mwenye nguvu zaidi. Taarifa za walioitumia zilihusisha ini kuharibika na vifo. Unga wowote unaoondoa baridi yabisi kwa usiku mmoja unastahili shaka hiyo hiyo, hata ukisifiwa kwa kipaza sauti stendi ya mabasi. Mgonjwa aliyeukimbia uwazi wa methotreksati anaweza kuwa anameza dawa kali zaidi, kwa dozi asiyoijua, kutoka kwa mtu asiyeweza kumpata tena.

Hoja ya tatu: “Itamaliza ini”

Kwa muda mrefu ilikuwa vigumu kusema kwa uhakika methotreksati ya dozi ndogo inadhuru kiasi gani, maana waliopewa walikuwa tayari wagonjwa wa maungio na wanameza dawa nyingine nyingi. Jibu zuri lilitoka mahali pasipotarajiwa. Watafiti wa Amerika Kaskazini waliwagawa watu 4,786 wenye ugonjwa wa moyo, wasio na baridi yabisi, ili waone kama dawa hii ingewakinga na mshtuko wa moyo. Nusu walipewa methotreksati ya miligramu 15 hadi 20 kwa wiki, nusu vidonge visivyo na dawa, na wote wakapewa foliki asidi. Kwa moyo haikusaidia, na ikasemwa wazi mwaka 2018. Lakini hesabu ya madhara, iliyochapishwa mwaka 2020, ni hazina kwa wagonjwa wetu. Kati ya waliomeza methotreksati, asilimia 87.0 walipata dhara moja au zaidi kati ya yaliyokuwa yakifuatiliwa. Kati ya waliomeza vidonge vitupu, asilimia 81.5.

Zisome namba hizo polepole. Madhara yapo: vimeng'enya vya ini vilipanda zaidi, tumbo lilisumbua zaidi, damu ilipungua kwa baadhi, maambukizi na shida za mapafu ziliongezeka, saratani ya ngozi nayo ikaongezeka. Anayesema dawa hii haina madhara anadanganya. Lakini wengi mno wa waliolalamika kwamba dawa inawasumbua wangesumbuka hata kama kidonge kingekuwa na wanga mtupu. Tofauti ya watu watano au sita kwa kila mia ndiyo inayopaswa kupimwa na mgonjwa, akiiweka kwenye mizani na vidole vyake.

Tena ini halishambuliwi kwa siri. Vimeng'enya vyake hupanda kwenye kipimo kabla mtu hajahisi chochote, na dozi ikipunguzwa au kusimamishwa kwa kawaida hushuka. Foliki asidi, kidonge kile kile wanachopewa wajawazito kliniki, hupunguza sana kupanda huko pamoja na kichefuchefu. Pombe huongeza hatari, na mwenye homa ya ini B lazima ajulikane kabla ya kidonge cha kwanza. Diklofenaki ya kila siku, ambayo wanaoihofia methotreksati huimeza kama karanga, nayo hudhuru ini, hutoboa tumbo na huchosha figo, na kwa kawaida hakuna anayempima mtu kwa sababu anatumia diklofenaki.

Hoja ya nne: “Hatuna maabara wala nidhamu ya dawa hii”

Hoja hii husemwa na wataalamu, kwa sauti ya huruma, na ndiyo maana inanikera kuliko nyingine zote.

Tuliisikia zamani. Mwaka 2001 Andrew Natsios, aliyekuwa mkuu wa shirika la misaada la Marekani, USAID, alipinga kuleta dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa wingi barani Afrika, akidai kwamba Waafrika wengi hawajui kufuata saa, kwa hiyo hawataweza kumeza dawa kwa wakati. Miaka mitano baadaye uchambuzi uliochapishwa katika jarida la JAMA ulijumlisha tafiti nyingi na kukuta kwamba wagonjwa waliomeza dawa hizo ipasavyo kusini mwa Sahara walikuwa asilimia 77, na Amerika Kaskazini asilimia 55. Bibi wa Bukoba aliyelea wajukuu yatima aliijua ratiba ya vidonge vyao kuliko mwanafunzi wa chuo wa Chicago.

Leo kliniki za virusi vya UKIMWI ziko hadi kwenye vituo vya afya vya kata. Zinachukua damu, zinaisafirisha, zinasoma majibu, zinampigia simu asiyefika. Vipimo ambavyo methotreksati inavihitaji ni vya kawaida kuliko hivyo: wingi wa chembe za damu, vimeng'enya vya ini, na kreatinini ya figo. Hufanywa kila baada ya wiki mbili hadi nne mwanzoni, kisha kila baada ya miezi miwili au mitatu hali ikitulia. Hospitali ya wilaya inayoweza kumfuatilia mgonjwa wa virusi inaweza kumfuatilia mama mwenye baridi yabisi. Methotreksati imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya magonjwa ya maungio, na dawa iliyoko katika orodha hiyo haikukusudiwa kwa Geneva pekee.

Madaktari bingwa wa maungio ni wachache mno Afrika Mashariki, hilo halipingiki. Lakini uchache wao unatumiwa vibaya. Unasemwa kama sababu ya kutompa mgonjwa methotreksati, na hausemwi kamwe kama sababu ya kutompa prednisoloni ya miaka minne, dawa ambayo ingehitaji kupimwa sukari, shinikizo la damu, macho na mifupa. Kituo kisichoweza kufuatilia dawa ya kwanza hakiwezi kuifuatilia ya pili. Kinaacha tu kuangalia, na kutoangalia kumeitwa usalama.

Hatari yenyewe iko wapi

Methotreksati huua. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu njia inazoulia zinajulikana, na karibu zote zinazuilika kwa kalamu.

Ya kwanza ni kuimeza kila siku. Dozi ya wiki ikimezwa siku saba mfululizo, uboho husimama, mdomo huchubuka vidonda, chembe za kinga huisha, na mgonjwa hufa kwa maambukizi. Uingereza, yenye wafamasia kila kona, ilihesabu vifo 25 vilivyohusishwa na makosa ya dawa hii katika kipindi cha miaka kumi, na mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikaagiza maonyo mapya kwenye maboksi na kadi ya mgonjwa ya kukumbusha kwamba humezwa mara moja kwa wiki. Kwetu hatari hiyo imechapishwa kabisa. Bahasha ya dawa tunayopewa dirishani ina nafasi ya idadi ya vidonge na nafasi ya mara ngapi kwa kutwa. Haina nafasi ya wiki. Mtoa dawa mwenye foleni ya watu hamsini anaandika 1 x 1 kwa mazoea, na mkono wake umeshamhukumu mtu. Bahasha hiyo ibadilishwe. Mpaka ibadilishwe, neno la kutwa likatwe kwa wino, siku iandikwe kwa jina lake, kidonge kiwe cha miligramu 2.5 tu bila kuchanganywa na cha 10, na mgonjwa au binti yake arudie kwa mdomo wake kabla ya kuondoka dirishani: Jumapili, vidonge vinne, basi.

Ya pili ni Septrini. Inauzwa kila duka kwa kikohozi, kwa kuhara, kwa mkojo kuuma, na hupewa watu wenye virusi vya UKIMWI kama kinga. Ikikutana na methotreksati, zote mbili zikiwa zinaibana foleti, uboho unaweza kusimama hata kwa dozi sahihi. Sijawahi kumsikia mtu mtaani akiionya familia kuhusu Septrini, wakati kila mtu ana la kusema kuhusu ini.

Ya tatu ni mimba. Methotreksati huharibu mimba na kumlemaza mtoto tumboni, kwa hiyo mwanamke anayeitumia lazima awe na uzazi wa mpango wa uhakika, na akitaka mtoto aiache mapema kwa ushauri wa daktari. Haikaushi kizazi kwa dozi hii. Waliozaa baada ya kuiacha ni wengi. Na kwa anayetaka kuzaa sasa ziko haidroksiklorokwini na salfasalazini, ambazo hutumika katika ujauzito. Binti wa miaka ishirini na tano anastahili kuelezwa haya yote ana kwa ana, bila mama mkwe kuwapo chumbani.

Figo zilizochoka na kikohozi kikavu cha ghafla ni sababu nyingine za kusimama na kumuona daktari upesi.

Hoja ya mwisho: “Nilijaribu, haikufanya kitu”

Wengi wanaosema hivi walijaribu kwa mwezi mmoja, kwa vidonge vitatu kwa wiki, ambavyo ni dozi ya kuanzia tu. Hakuna aliyewaambia kwamba hupandishwa polepole, wala kwamba miezi mitatu ndiyo muda wa kuihukumu. Wapo ambao kweli haiwatoshi. Hao nao hawajafika mwisho wa njia. Jaribio lililochapishwa mwaka 2013, lenye wagonjwa 353 ambao methotreksati peke yake haikuwatosha, lililinganisha mchanganyiko wa methotreksati, salfasalazini na haidroksiklorokwini na mchanganyiko wa methotreksati na etanasepti, dawa ya kibayolojia ya sindano ambayo bei yake haikaribiki na familia nyingi za hapa. Mchanganyiko wa vidonge vitatu vya kizamani haukushindwa. Wagonjwa wetu wanaambiwa kwamba tiba ya kweli iko India au Ulaya, nao wanauza shamba, wakati sehemu kubwa ya tiba hiyo inaweza kuagizwa na bohari ya dawa ya nchi yao.

Na faida haiishii kwenye vidole. Baridi yabisi hii hufupisha maisha, hasa kwa moyo. Uchunguzi wa wagonjwa 1,240 wa Wichita, Marekani, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2002, ulikuta kwamba waliotumia methotreksati walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 60 kuliko wasioitumia, na kwa vifo vya moyo pungufu kwa asilimia 70. Haukuwa mgawanyo wa kura, kwa hiyo hauthibitishi kila kitu. Lakini kwa wagonjwa hawa, ile inayoitwa sumu ilikuwa upande wa waliobaki hai.

Kinachobaki ni zile wiki sita hadi kumi na mbili za kungoja, na hapo prednisoloni ina kazi yake halali: dozi ndogo ya kumvusha mgonjwa mpaka methotreksati ishike. Anayeiandika aandike mambo mawili siku hiyo hiyo kwenye daftari la mgonjwa, siku ya wiki ya kumeza methotreksati na tarehe ambayo prednisoloni itaanza kupunguzwa, ili tabibu mwingine atakayempokea mwezi ujao asianze upya kwa kuandika prednisoloni, 1 x 1, endelea.